Kaseti za mzee aliyekuwa mateka wa vita ya 1979: usikimbilie YouTube

Kaka mmoja wa Arua kaniandikia, nafupisha barua yake. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Uganda enzi za Amin, akakamatwa na Watanzania mwaka 1979 upande wa Masaka, akapakiwa kwenye lori mpaka Tanzania akakaa huko kama mateka wa vita, na siku aliyorudi nyumbani akakuta familia imeshakimbilia Zaire. Mzee bado yupo, macho yamefifia ila kichwa kizima. Kuna kaseti tatu za C90 ambazo mjomba mtu alimrekodi 1994, kuna daftari la kambini lenye majina ya wenzake, na picha kadhaa. Anauliza: afungue chaneli ya YouTube au atengenezewe website? Kaseti anazigeuzaje ziwe faili? Majina ya kwenye daftari ayaweke wazi au ayafiche? Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeaga mlangoni, anasema "mwalimu, kaseti ya tatu mzee amekataza isisikilizwe, naye hasemi kwa nini."

Kaka, hapo mwisho ndipo swali lako lilipo, nitalifikia. Kwanza nikujibu la chaneli: usifungue kitu chochote sasa hivi. Najua vijana mkipata bando jambo la kwanza ni kuposti, lakini kinachokufa hapo kwenu leo ni ule utepe wa kaseti, na baada yake kumbukumbu ya mzee mwenyewe, YouTube itakuwepo hata mwakani. Na hata hiyo kuwepo usiiamini sana. GeoCities, ile huduma ya zamani ya kujitengenezea kurasa za bure mtandaoni, ilifungwa Oktoba 2009 na kurasa za familia za watu wa kawaida zikaondoka nayo, zilizopona ni zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili usiku na mchana kabla mtambo haujazimwa. Google+ nayo ikafungwa Aprili 2019. Hawa wenye mitandao hawana mkataba na wewe wa kumtunzia baba yako, wana biashara yao. Kwa hiyo kazi yote ifanyike nje ya mtandao kwanza, iwe kamili, iwe kwenye mikono zaidi ya mmoja, mtandaoni iende nakala tu.

Kaseti sasa. Kabla hujazigusa kwa ajili ya kitu kingine chochote, geuza kila kaseti uangalie ule ukingo wa juu, upande ambao utepe hauonekani, kuna vijiplastiki viwili vidogo, kimoja kila kona, vivunje kwa ncha ya bisibisi. Vikishavunjika redio haiwezi tena kurekodi juu yake. Nasema hivi manake nimeshapokea kaseti ya mzee mmoja, dakika ishirini anahadithia vizuri kabisa, halafu katikati ya sentensi inaingia kwaya. Mtoto wa nyumba alibonyeza rekodi. Hakuna fundi duniani wa kuirudisha ile sauti.

Halafu iangalie kwa macho, kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe mweupe kwenye utepe, hiyo ni ukungu, usiicheze, itachafua kichwa cha redio na yenyewe itakatika, hiyo itabidi ipelekwe kwa mtu mwenye uzoefu. Kama ni safi, tafuta deki ya kaseti, zile za kukaa kwenye shelfu na amplifaya, achana na kiredio cha mkono kinachoyumba kasi mpaka sauti inakuwa kama ya mlevi. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti. Peleka kaseti mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mara moja bila kuicheza, hiyo inalegeza utepe uliokaa miaka umejibana. Waya utoke tundu la "line out" la deki uingie "line in" ya kompyuta, na kama laptopu yako ina tundu la maiki tu basi nunua kile kidude cha USB cha kuingizia sauti, bei yake si ya kutisha, manake ukiingiza kwenye maiki sauti inapasuka na ikishapasuka imepasuka.

Programu ya kurekodia tumia Audacity, ni ya bure. Rekodi kwa WAV, 48 kHz, biti 24. Dakika moja ya stereo hapo inakula kama MB 17, kaseti zote tatu zikiwa zimejaa pande zote ni dakika 270, kwa hiyo jumla ni chini kidogo ya GB 5, ambayo leo ni kitu kidogo tu kinaingia kwenye fleshi ya kawaida. Usianze kusafisha kelele, usikate kikohozi, usitoe jogoo anayewika nyuma wala mjomba anapomkatiza mzee kumuuliza kama anataka chai. Faili ghafi inabaki ghafi milele. Ukitaka toleo la kusikiliza watu, tengeneza nakala ya MP3 na hiyo ndiyo uikatekate unavyotaka. Na tafadhali sana usimtumie mtu faili ghafi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, na picha zikitumwa kawaida huko zinaminywa mpaka hazifai, ukilazimika tuma kama dokumenti.

Daftari na picha sitakaa nazo sana. Daftari lipige picha ukurasa kwa ukurasa karibu na dirisha, asubuhi, bila flashi, pamoja na majalada na kurasa tupu, na picha za karatasi ziskaniwe kwa 600 dpi mbele na nyuma, kule nyuma mara nyingi ndiko kuna muhuri wa studio au mwaka. Kuna jambo moja watu wetu wanalipenda ambalo linaniuma: kulaminate. Mtu ana karatasi ya thamani anaikimbiza stationery pale mtaani, inapikwa ndani ya plastiki kwa moto, haitoki tena. Usithubutu. Wala selotepu usibandike. Bahasha ya karatasi, sanduku kavu, juu ya kabati mbali na bati la paa, inatosha.

Sasa mzee. Kaseti za 1994 usizione kama zimemaliza kazi, mtu anasimulia tofauti akiwa na miaka arobaini na kitu na akiwa mzee, na wewe si mjomba wako, kwako atasema mengine. Keti naye asubuhi akiwa amelala vizuri, simu ya kumrekodia iweke airplane mode karibu na kifua chake, nusu saa tu, kesho yake tena. Usimuulize "ulijisikiaje kukamatwa" manake atakujibu "vibaya" na mazungumzo yameisha. Muulize mlikuwa mnahesabiwa saa ngapi, aliyelala kulia kwako alikuwa nani, maji mlichota wapi, nani alikuwa anapika na mlikula kwenye nini, viatu walikuachia au walichukua. Mateka wengi niliowasikiliza wanaanzia kwenye chakula, ukishafika kwenye chakula mlango umefunguka. Na kuna aibu hapo ambayo usipoijua utamuumiza: askari aliyekamatwa, kila jeshi linamtazama kwa jicho la pembeni, kwamba alinyoosha mikono wenzake wakifa. Kwa baba yako imejumlishwa na nyingine, kwamba jeshi lenyewe ni la Amin, na nyinyi watu wa West Nile mmelipishwa hilo kwa damu, mauaji ya raia pale Ombaci Juni 1981 huhitaji mimi nikuhadithie. Ndiyo maana wazee hao wamenyamaza miaka yote hii.

Tarehe atachanganya, usimbishie na usimsahihishe kwenye rekodi. Weka maelezo yako pembeni. Ila msaidie kwa vigingi ambavyo vita yenyewe imeviacha. Amin aliingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, Watanzania wakavuka mpaka mwanzoni mwa 1979, Masaka ikaanguka Februari, mapigano ya Lukaya pale kinamasini, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, yalikuwa Machi, Kampala 11 Aprili. Mtu aliyekamatwa Masaka muulize: ulikuwa umeshakamatwa waliposema Kampala imeanguka, na nani aliwaambia? Pasaka mwaka ule ilikuwa 15 Aprili, siku nne tu baada ya Kampala. Na kama mzee ni Mwislamu, kama askari wengi wa jeshi lile walivyokuwa, muulize Ramadhani ya kwanza aliifungia wapi, manake mwaka 1979 mfungo ulianza mwishoni mwa Julai, vita imeshakwisha toka Juni. Mtu anaweza asikumbuke mwaka kabisa lakini anakumbuka futari ya kwanza kambini ilikuwa nini na nani aliongoza tarawehe. Hapo tarehe umeipata bila kumtesa.

Kuna karatasi moja muulize kwa jina lake. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ambao Tanganyika iliingia 1962 na Uganda 1964, unasema mateka akishafika kambini asizidishe wiki moja kabla hajaruhusiwa kuandika kadi mbili, moja kwa familia yake na moja kwa ofisi ya Msalaba Mwekundu ya Geneva inayotunza kumbukumbu za mateka, kuwajulisha kwamba yu hai na ni mateka. Kama aliwahi kuonana na watu wa Msalaba Mwekundu na wakaandika jina lake na namba yake ya jeshi, kuna uwezekano Geneva wana rekodi yake, na wanatoa cheti cha kuthibitisha kwamba fulani alikuwa mateka siku walipomtembelea. Aombe mzee mwenyewe angali hai, kwa kupitia Msalaba Mwekundu wa Uganda, inakuwa rahisi kuliko wewe kuomba baadaye ukiwa na vyeti vya kifo na viapo vya mahakama. Za Vita Kuu ya Kwanza Geneva walishaziweka mtandaoni toka 2014, mamilioni ya kadi, mtu yeyote anatafuta jina. Za juzi juzi haziko hivyo na kwa maoni yangu zisiwe hivyo, wahusika bado wanaishi mitaani.

Na hapo ndipo majina yanapoingia. Daftari la baba yako, kama lina majina, vyeo na vijiji vya wenzake, ni kitu kikubwa kuliko unavyodhani, kuna mama huko Koboko au Yumbe hajui mpaka leo mume wake alifia Lukaya, alifia kambini au alijificha Sudan akaoa tena. Kwa sababu hiyo hiyo usiliposti. Fikiria mtu anasoma kwenye simu, akiwa kwenye bodaboda, kwamba babu yake "alifariki usiku, tukamzika sisi". Hiyo habari inapelekwa na mtu, mlangoni, kwa salamu. Nakala ya orodha ipeleke Msalaba Mwekundu, wana kitengo cha kutafuta ndugu waliopotezana kwa vita na wanajua namna ya kuipeleka. Mtandaoni weka tu kwamba daftari lipo na lina majina, anayetafuta ndugu awasiliane na familia. Tena kuna upande wa sheria: Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania ya 2022, mtu aliye hai ana haki na habari zake, hata kama alilala sakafu moja na baba yako.

Jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Ukisikia "msamaha" Uganda usidhani unamfunika kila mtu. Ile Sheria ya Msamaha ya 2000 inahusu waliopigana na serikali kuanzia 26 Januari 1986. Ya 1978 na 1979 hayamo. Sasa mimi sijui kwenye kaseti ya tatu kuna nini, na wewe hujui. Inaweza kuwa ni jambo alilofanyiwa kambini ambalo mwanaume hasemi mbele ya watoto wake. Inaweza kuwa ni Kagera, kabla hajakamatwa, kule ambako nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaswagwa na watu wakachukuliwa kuvushwa mpaka, wanawake wakiwemo. Inaweza kuwa ni jina la mwenzake aliyewachongea kwa walinzi na leo ni jirani yenu msikitini.

Kwa hiyo fanya hivi. Igeuze iwe faili kama zile mbili lakini bila kuisikiliza, inawezekana kabisa: jaribu viwango vya sauti kwa kaseti ya kwanza, usibadilishe kitu, zima spika za laptopu, chomoa hedifoni, bonyeza cheza, halafu unatazama mawimbi tu kwenye skrini kwamba yanapanda na hayagongi juu. Dakika 45 zikiisha geuza upande. Faili ifunge kwa pasiwedi, kaseti yenyewe weka kwenye bahasha mzee asaini juu ya gundi, au aweke dole gumba. Lakini kabla ya yote hayo mwambie unachotaka kufanya na kwa nini, kwamba utepe unaoza na hutaki uoze bila ruhusa yake. Akikataa hata hilo, acha. Mtu alishawekwa mahali ambapo saa ya kulala, kula na kwenda chooni aliamuliwa na mwenye bunduki. Akiwa nyumbani kwake aamuliwe tena na mwanawe kwa sababu ya viewers? Hapana kaka. Akikubali, muulize ifunguliwe lini: akishafariki, baada ya miaka kumi, baada ya mama yako kuondoka. Jibu lake lirekodi kwa sauti yake, dakika mbili tu, ataje jina lake, tarehe, na nani anaruhusiwa kusikia kaseti ipi. Hiyo rekodi ya ridhaa ndiyo faili la kwanza kwenye folda, ndugu wakianza kugombana huko mbele, na watagombana, mnaicheza.

Na akisema ya kwanza na ya pili ruksa, ndipo turudi kwenye mtandao. Nakala tatu: moja kwenye diski ngumu nyumbani, moja kwa ndugu aliye mji mwingine, moja kwenye taasisi. Fleshi ni ya kubebea tu, usiifanye ghala. Taasisi jaribu Makerere, pale wamewahi kushirikiana na UBC, shirika la utangazaji la Uganda, na Chuo Kikuu cha Michigan kwenye zile negativu za wapiga picha wa Amin, kama 70,000 zilizokutwa zimefungiwa kwenye kabati la UBC, mpaka zikaonyeshwa Uganda Museum 2019. Uzuri wa mfano huo ni kwamba unakuonyesha pengo. Picha zile ni za serikali, Amin anacheka, Amin anapokea wageni, waliokamatwa na kuteswa hawaonekani, na askari wake waliokuja kuwa mateka wa watu wengine nao hawamo. Sauti ya baba yako inaingia hapo hapo pasipo na picha.

Kwa kusikiliza watu wote, archive.org, ile maktaba ya mtandaoni, wanapokea bure na wanakupa anwani isiyobadilika, ila ujue ukishaweka ni wazi kwa dunia nzima. YouTube itumie kama kibao cha kuelekeza watu, weka vipande vya dakika tano kumi na linki ya ile nzima. Website ya kulipia domaini kila mwaka sikushauri, mwaka utakaosahau kulipa ndio mwaka itakapopotea. BBC walipokusanya kumbukumbu za Vita ya Pili kati ya 2003 na 2006 walipata hadithi kama 47,000, na wazee wengi hawakujua hata kushika mausi, wajitolea maktabani ndio walichapa wakati mzee anasema. Nakuambia hivi usije ukamsubiri mzee ajifunze simu. Chapa wewe. Na chapa kama anavyosema, Kiswahili chake cha jeshi kilichochanganyika na Kinubi na Kilugbara kiache kama kilivyo, usikinyooshe kiwe cha taarifa ya habari, tafsiri weka chini.

Komenti zifunge. Kutakuwa na watu wa Bukoba na Kyaka wenye vidonda vyao watakaoona sura ya askari wa Amin kwenye simu, wana haki ya hasira, na kuna wapumbavu wasio na kidonda chochote watakaokuja kutukana tu, na mzee ana wajukuu watakaomsomea. Weka barua pepe badala yake. Ukipata mtu wa Kagera aliyevushwa mpaka mwaka ule akachukuliwa mateka upande wenu, mwombe naye arekodiwe, aiweke kwa masharti yake, kisha mlinkishe kurasa mbili hizo. Kwenye maelezo ya faili andika majina ya mahali kwa kila namna watu wanavyoyaandika, Mutukula na Mtukula, Kyaka na Kiaka, namba ya kikosi kama anaikumbuka, na mwaka kwa tarakimu, manake anayetafuta huko Bukoba hataandika kwenye Google sawasawa na unavyoandika wewe wa Arua.